Ngwe ya Mheshimiwa wa Olumbi

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu ya swali moja lililonishinda. Tasnifu yangu inahusu wakulima walioketi katika mabunge ya mwanzo ya mataifa machanga. Sura ya kwanza ni ya Mmarekani mmoja aliyekuwa mjumbe wa Kongresi wakati nchi yake ilipokuwa bado mpya, kisha akarudi kwenye ngano yake. Huyo hakunisumbua, kwa kuwa aliandika barua kuhusu kila kitu, hata mafua ya farasi wake. Sura ya nne ni ya Mzee Bakari Sumaila wa Olumbi, kaskazini mwa Cabo Delgado, mkulima wa mpunga aliyeingia katika bunge la kwanza la Msumbiji huru, akakaa humo kwa muda, kisha akaacha kiti na kurudi shambani hadi mwisho wa maisha yake. Huyu hakuacha barua hata moja. Mimi niliandika kwamba aliondoka kwa kutofautiana na wakubwa juu ya mashamba ya pamoja. Ilikuwa sentensi nzuri. Mtahini mmoja aliisoma kwa sauti, akavua miwani, akauliza, "Nani alikuambia?"

Sikuwa na wa kumtaja. Nilifungua kinywa, sauti ikagoma kutoka, na nikabaki nimesimama mbele ya watu wazima watano kama redio iliyoishiwa betri. Baadaye msimamizi wangu alinipa maji ya kunywa na maneno machache: "Nenda Olumbi. Ukirudi bila kujua kwa nini mtu huyu aliacha ubunge, sura hii inatoka. Na sura hii ikitoka, Rehema, tasnifu haisimami."

Mtwara nililala kwa shangazi yangu, na asubuhi nikashuka hadi Kilambo, kwenye kingo za Ruvuma. Mto ulikuwa umetulia, na tulivuka kwa boti ya mashine pamoja na magunia ya vitunguu na mama mmoja aliyepakata cherehani mapajani kama mtoto. Viboko walikuwa wametoa macho na masikio tu juu ya maji. Niliwakazia macho ili nikadirie umbali wao, na mama wa cherehani akanigusa bega. "Usiwatazame sana, mwanangu. Watadhani mnafahamiana, waje kukusalimia."

Upande wa pili, kabla ya kufika Kionga, kuna kizuizi cha askari. Kijana aliyevaa kofia ya chuma alichukua pasipoti yangu, akaniuliza kwa Kiswahili chenye mapigo ya Kireno ninakwenda kufanya nini.

"Kumtafiti mbunge wa zamani, shefe," nilisema, nikitumia neno lao la mkubwa.

"Yuko wapi?"

"Amefariki."

Alinitazama kwa huruma. "Sasa atakujibu nini?"

Niliwaza kwamba angefaa kabisa kuketi katika lile jopo la watahini. Alinirudishia pasipoti, akanitakia kila la heri kwa namna ya mtu anayejua kuwa itahitajika.

Palma nilipokelewa na Zuhura, binti wa marehemu, mwalimu wa shule ya msingi ambaye nilikuwa nimewasiliana naye kwa simu kwa miezi mingi. Ni mwanamke wa makamo, mfupi, anayetembea kana kwamba kengele ya shule imekwisha kulia. "Dotora!" aliita kutoka mbali. Nilimweleza kwamba bado sijawa daktari, na kwamba kwa hali ilivyo huenda nisiwe. "Pronto, basi, utakuwa. Panda." Alikuwa amepata nafasi kwenye pikapu iliyobeba mabati ya kuezekea, nasi tukaketi juu ya mifuko ya saruji nyuma yake.

Barabara ya kwenda kusini ilipita kati ya mikorosho na minazi. Nyumba zenye mabati mapya, yanayoumiza macho kwa kung'aa, zilipishana na kuta tupu zilizoota majani ndani. Zuhura alinionesha moja moja kwa kidole: hawa wamerudi, hawa wamerudi, hawa bado wako Pemba, hawa wamerudi na mkwe. Wakati wa mashambulizi ya waasi familia yake ilikuwa imekimbilia nyanda za juu, kwa Wamakonde, na huko ndiko baba yake alikofariki na kuzikwa. Sasa walikuwa wamerejea, na mavuno yao ya kwanza ya mpunga yalikuwa yamekwisha kuingia ndani.

"Umekuja wakati mzuri," alisema. "Ijumaa tunamsomea baba hitma. Halafu watani wake watakuja. Huko ugenini hakuna aliyekuwa na nguvu ya utani. Tuliahidiana: tukivuna nyumbani, tutamcheka vizuri."

Nilimweleza kwamba nitafurahi kuhudhuria, lakini kazi yangu hasa ni mahojiano. Alitabasamu tu, kama anavyotabasamu mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefungua ukurasa usio wenyewe.

Olumbi tulifika jua likiwa bado kali. Bi Mwanashe, mjane wa Mzee Bakari, alikuwa uani akipepeta mpunga, na hakusimamisha ungo wakati nikimwamkia. Aliupokea mkono wangu kwa vidole viwili na kuendelea. Alinipa chumba, maji ya kuoga, wali na samaki wa nazi. Kilichobaki hakunipa.

Kesho yake nilikaa naye na kinasa sauti tangu chai hadi adhuhuri. Maswali yangu yalikuwa yamepangwa kutoka mepesi hadi magumu, kwa utaratibu tunaofundishwa.

"Bi Mwanashe, marehemu alikuwa na msimamo gani kuhusu sera ya mashamba ya pamoja?"

"Alikuwa akipenda shamba."

"Je, kulikuwa na mvutano kati yake na viongozi?"

"Viongozi walikuja hapa, wakala, wakashiba."

"Kwa nini, basi, aliacha ubunge?"

Alipuliza makapi kutoka kwenye ungo, mengine yakaniangukia magotini. "Alirudi nyumbani. Mtu haulizwi kwa nini amerudi kwake."

Nilijaribu tena Alhamisi, kwa maneno mengine. Nikapata majibu yale yale, na chai yenye iliki zaidi. Jioni niliketi kibarazani nikipima uwezekano wote: huenda hajui, huenda anajua na anaogopa, huenda anajua, haogopi, ila hanipendi. Kila tawi la hoja liliishia mahali pamoja, pale kwenye jopo, mtahini akiwa na miwani mkononi. Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku yangu ya kuondoka.

Ijumaa, baada ya sala, hitma ilisomwa uani. Masinia ya pilau yalitoka jikoni yakipokezanwa juu ya vichwa vya watu, na shehe, aliyejua vema kinachofuata, alinawa mikono upesi, akasema ana mgonjwa wa kumtazama, akaondoka akicheka ndani ya ndevu zake. Hata mlango wa ua haujafungwa, tukasikia sauti ya mwanamke barabarani.

"Yuko wapi huyo mwizi? Nimekuja kumdai kuku wangu!"

Akaingia Atanazia. Zuhura alininong'oneza ya kutosha kumfahamu: mtani mkuu wa marehemu, Mmakonde wa nyanda za juu, ambaye ukoo wake na ukoo wa Mzee Bakari wametaniana tangu mababu. Nyumbani kwake ndiko walikohifadhiwa wakati wa ukimbizi, na wanawe ndio waliochimba kaburi. Alikuwa mwanamke mrefu, umri wa bibi, na alikuwa amevaa mabuti ya mpira na koti la suti la kiume, jeusi lililochuja likawa la kijivu, lenye mabega mapana ya zamani na matobo mgongoni.

Bi Mwanashe aliziba mdomo kwa upindo wa khanga. "Koti la mume wangu!"

"Nimelichukua mwenyewe," alisema Atanazia. "Mlikuja kwangu na koti na sufuria. Sufuria mkaondoka nayo. Wachoyo wa pwani!"

Kisha akatembea. Hakusema neno, alitembea tu kutoka mlangoni hadi kwenye kinu, kifua mbele, mkono mmoja nyuma ya kiuno, mguu wa kushoto ukichelewa kidogo, na ua mzima ukapiga ukelele. Wazee walipiga magoti yao kwa viganja. Zuhura alicheka huku machozi yakimtoka. Nilikuwa nimeishi na Mzee Bakari kwa miaka miwili kwenye karatasi, na ile ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kumwona akivuka ua.

Atanazia alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa. "Waheshimiwa!" alinguruma. "Mimi Bakari Sumaila, muoga wa vyura, nimetumwa na watu wa Olumbi kuja kulala usingizi hapa!" Akalala wima, akakoroma, akazinduka na kupiga makofi peke yake. Akaigiza marehemu akifukuza njegere kwa uma kuzunguka sahani hotelini Maputo. Akaigiza marehemu akitafuta lifti na kuingia kabatini. "Na mnajua kwa nini alikimbia bunge? Alikimbia kwa sababu spika alimwambia avue mabuti, na soksi zilikuwa hazipo!"

Kila mtu alianguka kwa kicheko. Mimi niliinua mkono.

Sijui hata leo ni nini kilichouinua. Neno "alikimbia" lilinigusa pale panapouma, na kinasa sauti kilikuwa kikifanya kazi, na mimi ni mtu ambaye hawezi kuacha dai bila rejea. "Samahani, mama," nilisema, kwa sauti ya semina. "Hilo la soksi, chanzo chake ni nini? Kwa sababu kwa ninavyofahamu, marehemu alikuwa mtu mwenye heshima zake."

Zuhura alijishika kichwa. Nilikuwa nimefanya jambo ambalo pale halifanywi na yeyote mwenye akili timamu: nilikuwa nimemtetea maiti mbele ya mtani wake.

"Ahaa!" Atanazia alishuka kwenye kinu taratibu, kama chui aliyemwona mbuzi akija mwenyewe. "Kumbe ana wakili! Wakili kutoka Dar es Salaam! Mkamateni."

Wanawake wawili walinishika mikono, wa tatu akanifunga kiunoni kwa khanga na kunifunga kwenye mti wa uzio. Hiyo ndiyo desturi, Zuhura alinieleza akicheka kiasi cha kushindwa kupumua: anayemtetea marehemu ametekwa na watani, na hatoki mpaka ajikomboe. Alijitolea kutoa kuku kwa ajili yangu. Atanazia alikataa kuku.

"Huyu amesema anamfahamu Bakari kuliko sisi. Basi awe Bakari." Akavua koti, akanivisha. Lilinifika magotini na lilinuka kafuri na moshi. Nikafunguliwa kwenye mti, khanga ikibaki kiunoni, nikapandishwa juu ya kinu, na Atanazia akaketi mbele yangu kwenye mkeka, akaweka ungo kichwani uwe kofia ya spika, akavua miwani isiyokuwepo. Ilikuwa kama yule mtahini wa Dar es Salaam. Hakuna aliyekuwa amemsimulia.

"Mheshimiwa Bakari Sumaila," alisema. "Bunge linakuuliza. Kwa nini unaacha kiti?"

Nilifungua kinywa. Niliona aibu ile ile ya mbele ya jopo ikija kwa njia ile ile. Lakini watu wale hawakuwa wamekaa kimya wakingoja nianguke. Walikuwa wakinishangilia. "Sema, Mheshimiwa!" "Koti limemmeza huyo!" "Kikohozi kwanza, Bakari alikuwa akikohoa!" Nikakohoa. Wakapiga makofi. Na kwa kuwa sikuwa na kingine, nikasema kile nilichokuwa nimekiandika.

"Ninaacha kiti," nilisema, kwa kifua, "kwa kuwa ninatofautiana na uongozi juu ya sera ya mashamba ya pamoja!"

"Uongo!"

Haikuwa sauti ya Atanazia. Bi Mwanashe alikuwa amesimama, upindo wa khanga umemwanguka begani, macho yakimeremeta. "Bakari hajawahi kusema sentensi ndefu namna hiyo! Shuka, mtoto. Hapana, kaa hapo hapo, nikwambie alivyosema."

Akaja mbele ya kinu, na akasimulia, akiwageukia watu mara kwa mara wamthibitishie.

Olumbi, alisema, watu hulima kwa ujima: leo shamba langu, kesho lako, na katika kila shamba mtu hupimiwa ngwe yake, kipande chake cha kulima, asimame bega kwa bega na wenzake. Bakari alipokuwa Maputo, watu walimlimia shamba lake lote, likapendeza. Aliporudi, alibeba jembe kwenda kulipa zamu. Mwenye shamba akampokea jembe, akalilaza chini, akamtandikia kiti.

"'Kaa, Mheshimiwa, utupe habari za Maputo.' Wakampa dafu! Kesho akaenda shamba jingine, kiti kimekwisha kufika. Keshokutwa, kiti! Kile kiti kilikuwa kikimtangulia kila alikokwenda, kama mbwa. Mume wangu akarudi nyumbani mikono safi, nguo safi, akakaa pale kizingitini hali chakula."

"Kweli kabisa," alidakia mzee mmoja kutoka kwenye mkeka. "Kiti kilikuwa cha kwetu. Sisi tuliona tunampa heshima."

"Nikamuuliza, 'Bakari, unaumwa?' Akasema" — hapo alinipiga kidogo kwenye goti, nami nikajua ninatakiwa kurudia baada yake kwa sauti ya marehemu — "'Nimekwenda kule kuwasemea watu ambao hawanipi hata ngwe.'"

"Nimekwenda kule kuwasemea watu ambao hawanipi hata ngwe!" nilisema. Wakashangilia.

"'Basi ninamsemea nani?'"

"Basi ninamsemea nani?"

Safari hii hawakushangilia. Bi Mwanashe alirekebisha kifungo cha koti kifuani pangu.

"Akarudi Maputo, akawaambia hivyo hivyo, akaomba kuachiwa. Na mimi je? Mimi nilinuna! Nilikuwa mke wa Mheshimiwa, naletewa sabuni za kunukia. Nikamnunia msimu mzima. Unajua alifanya nini? Alilitwaa koti hili, akauvika mti katikati ya mpunga, litishe ndege. Akaniambia, 'Mke wangu, usihuzunike, koti bado lina kazi.' Siku ya kukimbia nilipita shambani, nikaling'oa kwenye mti wake. Zuhura alinifokea, 'Mama, koti la nini?' Nikamwambia, huyu ndiye baba yako, hebu mwache nyuma uone."

Vicheko vilirudi, vikiwa vimelowa kidogo. Atanazia aliinuka, akautupa ungo, akamkumbatia. "Miaka yote unanificha haya, shetani we?"

"Ulikuwa hujauliza ukiwa umevaa koti," alijibu Bi Mwanashe. Kisha akanigeukia. "Na wewe ulikuja na mashine yako na maneno ya serikali. Nitamwambiaje mgeni kwamba nilimnunia mume wangu kwa ajili ya sabuni? Utanini ndiko mambo kama hayo husemwa."

Nilifunguliwa khanga.

Jumamosi asubuhi, kabla ya pikapu kupita, nilikwenda kwa wazee wawili walioketi mkekani jana yake, mmoja mmoja, wasisikilizane. Nimefundishwa hivyo na bado naamini ni haki. Wote wawili walisimulia habari ya kiti. Walitofautiana tu juu ya idadi ya madafu. Kisha Bi Mwanashe aliniongoza shambani kwake. Mpunga ulikuwa umebaki mabua, na katikati palikuwa na mti uliosimama wenyewe. Aliuvika koti pale pale, akalinyoosha kola.

"Umekula wali wa watu, umefungwa khanga, umesema bungeni," alisema. "Sasa wewe una ngwe hapa. Mvua ikianza, uje."

Nilidhani ni maneno ya kuagana. Nikasema inshallah, kwa namna tunavyoisema mjini.

Kurudi kulikuwa kwepesi kuliko kwenda. Kizuizini yule askari alinikumbuka. "Amekujibu?" Nikamwambia ndiyo, amejibu. Akatikisa kichwa kwa mshangao wa kweli, akaita mwenzake anitazame.

Dar es Salaam niliandika sura ya nne upya. Nilipoimaliza, nilirudi kwa Mmarekani wangu wa sura ya kwanza, na nikaona ukurasani swali ambalo sikuwahi kumuuliza: wakati yeye ameketi katika Kongresi akizungumzia uhuru, ngano yake ilikuwa ikilimwa na nani? Katika nchi ile na zama zile, jibu linaelekea kwa watumwa, nalo si la kuchekesha. Nilikuwa nimesoma barua zake zote, hata za mafua ya farasi, bila kuona kwamba waliolima hawakutajwa. Ilibidi kwanza nivishwe koti Olumbi. Sasa sura ile nayo inaandikwa upya, na imekuwa ndefu.

Msimamizi wangu alisoma sura ya nne mbele yangu. Alipofika kwenye kiti kilichomtangulia Mzee Bakari kama mbwa, alicheka peke yake, kisha akaniuliza lile swali, akijaribu kunipima: "Nani alikuambia?"

"Mjane wake," nilisema, "mbele ya watu wa Olumbi. Na wenye kiti wamethibitisha." Sauti ilitoka yote.

"Inakaa," alisema. Akafungua kalenda yake, akanitajia wiki ambayo jopo litaketi tena. Nilikuwa nikiandika tarehe hiyo wakati simu yangu iliposhtuka mezani. Ni Zuhura, na picha: jembe limeegemezwa ukutani, mpini mpya, na maneno yake chini. *Mawingu yameanza. Mama amekupimia ngwe kati yake na Atanazia. Atanazia anasema ukichelewa atakufunga tena.*

Niliangalia picha, nikaangalia kalenda. Nilipima jambo hilo kwa muda mfupi sana, kwa kiwango changu.

"Mwalimu," nilisema, "ninaomba jopo lisogezwe. Wiki hiyo nina zamu."

Alinitazama juu ya miwani. Nikasubiri anivunje moyo. Badala yake alichukua kalamu, akakata ile tarehe, akaniuliza mvua za kule huchukua muda gani.